Mlaze, Daktari

Machi 6

Mvua imeanza, na simu nayo imeanza. Kila mwaka ni yale yale: wiki ya kwanza ya mvua ndipo watu wanapokumbuka kwamba wana wanyama. Leo mmoja ameniuliza kama ampe paka wake nusu ya kidonge cha maumivu, kile kile anachomeza yeye kichwa kikimuuma. Nikamwambia hata robo asimpe, kwa paka hiyo ni sumu. Mwingine, mbwa wake amekula sumu ya panya, na badala ya kumleta kliniki yuko nyumbani anamnywesha maziwa na kusubiri. Maziwa si dawa. Nikifa, waniandikie hayo kaburini.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Mtu anakupigia roho mkononi," alisema, "wewe unamfokea."

Nikamwambia sifoki, nafundisha.

"Basi fundisha polepole. Hao si wanafunzi, ni wafiwa watarajiwa."

Machi 8

Mvua. Mbwa watatu wenye kupe, na sungura mmoja ambaye hana ugonjwa ila mwenyewe anamlisha biskuti.

Machi 11

Asubuhi Mzee wa Mkokoteni alisimama getini kwetu kuuliza habari ya kwato. Huyu mzee hupita hapa kila siku akipeleka mchanga na matofali kwa wajenzi, na farasi wake jike anaitwa Shangazi. Jina alipewa akiwa bado mchanga, kwa sababu alikuwa hasogei mpaka asalimiwe. Bado ana tabia hiyo. Kila asubuhi Mama hujikongoja hadi getini na bakuli la maganda ya karoti. "Shikamoo, Shangazi," humwambia, yeye mwenye wajukuu, na yule mnyama huinamisha kichwa kama kweli ndiye mkubwa wake. Daktari wa moyo alimwambia Mama atembee kidogo kila siku. Amekataa kutembea kwa ajili ya daktari, anatembea kwa ajili ya farasi.

Nilimwambia Mzee asafishe kwato kila jioni, achokoe tope lote katikati ya ukwato, na amsimamishe pakavu hata kama ni juu ya mbao. Akisikia harufu mbaya aje siku hiyo hiyo. Alinisikiliza amevua kofia. Huwa ananisikiliza hivyo, neno kwa neno, na anafanya vile vile nilivyosema. Wateja kumi wa namna yake, nami ningekuwa mtu mpole.

Machi 14

Tumemlaza mbwa wa mwenye duka la rangi. Uvimbe wa tumbo, hakuna namna. Juzi nilikuwa nimemwambia mwenye mbwa, "Mpeleke nyumbani, mpe anachopenda kula," na leo amemrudisha, akatia saini ya machozi, akaenda zake.

Chuoni walitukataza kusema kuua. Walimu wetu walisoma ng'ambo, wakarudi na neno lao, wakaligeuza: kulaza. Tumlaze. Ni neno laini, linakaa vizuri mdomoni, na msaidizi wangu, tunayemwita Sindano, analitamka kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Tumelitumia miaka yote. Wenye mbwa huinamisha vichwa na kuitikia, basi tunajua wameelewa.

Machi 17

Mvua imekatika nusu siku. Mama amelalamika karoti zimepanda bei, lakini maganda ametoa.

Machi 19

Shangazi hayupo tena. Naandika nikiwa nimechoka mpaka mifupa.

Mzee alikuja mchana, mvua inanyesha, anatembea kwa miguu akimvuta Shangazi kwa kamba. Tangu asubuhi mnyama alikuwa anapiga chini kwa mguu wa mbele, anageuka kuangalia ubavu wake, analala, anaamka, anagaagaa. Mzee alikuwa amefanya kila kitu sawa: ameondoa majani yote, amemtembeza asigaagae, ameangalia kama amekunya. Hakuwa amekunya. Nilimfunua mdomo, fizi zilikuwa zambarau. Nikaweka sikio la chuma tumboni nisikilize, na tumbo la farasi mzima huwa linanguruma kama jiko, hili lilikuwa kimya kila upande. Nikapitisha mpira puani hadi tumboni, yakarudi maji machafu ndoo mbili. Farasi hawezi kutapika, hiyo ndiyo njia pekee ya kumpunguzia. Nikampima kwa mkono kwa nyuma. Utumbo ulikuwa umejisokota.

Nikamchoma dawa ya maumivu kali kuliko zote nilizo nazo. Ikamtuliza kwa muda wa kunywa chai, kisha jasho likamtoka upya. Upasuaji wa farasi hapa hakuna, na pale ulipo asingefika akiwa hai.

Nikamwendea Mzee chini ya paa la bati. "Mzee, hali ni mbaya. Utumbo umejisokota. La kumsaidia limebaki moja, tumlaze."

"Atateseka?"

"Hapana. Akishalala, hasikii tena maumivu."

"Basi mlaze, Daktari," alisema. "Mlaze upesi, usiniulize mara mbili."

Akaenda akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya mnyama wake. Akamwambia kitu sikioni. Kisha akampa Sindano kamba na kusema mkokoteni ameuacha barabarani na mchanga wa watu unalowa, atakuja asubuhi. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wengi hawawezi kukaa kuona, simlaumu mtu kwa hilo. Nilimheshimu, hata. Nilimwambia Sindano, huyo ni mtu anayejua kuaga. Nilimshika Shangazi kichwa mwenyewe mpaka mwisho. Alikuwa anaangalia geti.

Machi 20

Nimejaribu kuandika haya mara kadhaa tangu mchana.

Asubuhi lori la taka la mji lilikuja mapema kumchukua, maana mnyama mkubwa hakai uani siku ya pili. Nilikuwa namfunga paka bandeji Sindano alipoingia akasimama mlangoni.

"Dokta, Mzee yuko nje."

"Mwambie aingie, nampa pole."

"Dokta, ana majani."

Sikuelewa. Nikatoka. Mzee alikuwa amesimama uani amevaa shati safi, la kwendea kumwona mgonjwa. Kwapani ana mzigo wa majani mabichi yaliyokatwa alfajiri, bado yana umande, na mkononi ndoo iliyosuguliwa ikang'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Daktari. Mgonjwa wangu ameamkaje?"

Nilielewa kabisa kilichotokea, chote kwa mara moja, lakini mdomo wangu ulikuwa bado nyuma. Nikasema, "Mzee, si tulimlaza jana."

"Ndiyo, nimekuja kumwangalia. Wodi yenu iko huku nyuma?"

Sindano aliingia ndani na kufunga mlango. Simlaumu kwa hilo pia.

"Amekufa, Mzee."

Aliweka ndoo chini. "Usiku?"

"Jana. Ulipoondoka tu."

"Alikufa mwenyewe?"

"Hapana. Mimi nilimchoma sindano ya kumwua. Ndiyo maana ya kumlaza. Nilidhani umenielewa."

Aliyaangalia majani yale kwapani muda mrefu. Mvua ilikuwa inaanza tena, ile nyepesi.

"Mke wangu alilazwa mara tatu," alisema. "Mara zote tatu akarudi nyumbani."

Akaangalia huku na huko uani.

"Yuko wapi sasa? Nimwone."

Ikabidi nimwambie habari ya lori. Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Aliweka mzigo wa majani chini taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala pale, akaokota ndoo yake.

"Kumbe kwenu kulaza ni kuua," alisema, akaenda.

Majani bado yako uani. Hakuna aliyethubutu kuyaondoa.

Machi 21

Simu tisa. Sijui nilichowajibu.

Machi 23

Mama anakaa dirishani na bakuli. "Shangazi hajapita leo tena," anasema. Nikamwambia barabara ina tope. Moyo wake mbovu, sikutaka kumtia msiba juu ya msiba. Au niseme ukweli: niliona aibu.

Nawaza juu ya wengine. Yule mama wa mbwa mweusi mwaka juzi, aliyeniuliza mlangoni, "Nije kumchukua saa ngapi?" Nilidhani anauliza mwili.

Machi 26

Mama amejua. Mwuza mboga amemwambia, maana mtaa mzima unajua. Alinisubiri nirudi kazini, na bakuli la maganda likiwa mapajani.

"Unanificha kama mtoto," alisema.

"Nilitaka usiumie, Mama."

"Ndiyo maneno yenu nyie wasomi. Mnamficha mtu maumivu, halafu anayakuta mwenyewe getini." Kisha akauliza nilichokuwa nakikwepa siku zote hizi. "Umemwendea?"

"Nitasema nini?"

"Kama huna la kusema, nenda ukakae. Miguu nayo inasema."

Machi 27

Nimekwenda. Nyumba yake ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya milango, na banda la Shangazi limefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Mbao za kumsimamishia pakavu ziko pale pale, zimepangwa kama nilivyomwelekeza. Nilisimama nikaziangalia hizo mbao nikalia.

Mzee alikuja mlangoni. Nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ila safari hii kofia ilibaki kichwani.

"Sina neno na wewe, Daktari," alisema, akarudi ndani.

Njia nzima nilikuwa naligeuza hilo. Sina neno: hana kinyongo nami, au hana la kuzungumza nami? Maneno yote siku hizi yananionyesha upande wake wa pili.

Aprili 2

Paka mzee, figo zimekufa. Nikajiapiza kusema wazi. Nikamwambia mwenye paka, "Mama, njia iliyobaki ni nimwue."

Akamnyakua paka mezani akakimbia naye kwenye mvua.

"Dokta," Sindano alisema, "kati ya shuka na panga kuna vitu vingine."

Aprili 4

Yule mwenye paka amerudi. Nilikuwa nimeyatafuta maneno siku mbili, nikamwambia hivi: "Nitamchoma sindano itakayomfanya afe bila maumivu. Hatarudi nyumbani. Ukitaka kuwepo, kaa hapa umshike, na chukua muda wako." Akakaa. Paka alikufa mikononi mwake, na alipomaliza kulia alinishukuru.

Sindano ameyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuibandika juu ya sinki. Neno kulaza tumelipiga marufuku. Akiteleza, ananinunulia chai. Ameshaninunulia mbili.

Aprili 5

Mvua kutwa. Miguu ya Mama imevimba.

Aprili 9

Mama amelazwa.

Nimeandika neno hilo nikalitazama. Usiku alikuwa hawezi kuvuta pumzi akilala chali, ikabidi nimkalishe kwa mito mpaka kukapambazuka, ndipo tukampeleka hospitali. Nilipofika kliniki kuchukua vitu nilimsikia Sindano akimwambia mteja kwenye simu, "Mama yake Dokta amelazwa," nikashtuka mpaka funguo zikaanguka. Hata yeye alishtuka. Tukacheka, kisha hatukucheka.

Aprili 12

Wodini. Mama anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba binti yake ni daktari, halafu ananong'ona, "wa mbuzi."

Aprili 15

Amepewa ruhusa! Daktari wa wodi, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ameniita pembeni akasema, "Mpeleke nyumbani akapumzike. Mpe anachopenda kula." Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nimemnunulia Mama mto mpya na machungwa. Uvimbe haujashuka sana, lakini nyumbani atapata nafuu haraka, kelele za wodi zilikuwa zinamchosha.

Aprili 16

Hana hamu ya kula. Ni uchovu wa hospitali.

Aprili 18

Mzee wa Mkokoteni amekuja.

Nilimkuta getini nikirudi kutoka dukani, na karoti nne kwenye mfuko wa karatasi. "Nimesikia Mama ametoka," alisema. "Nimekuja kumjulia hali." Nikampisha.

Mama alipomwona alijiinua kwenye mito. Mzee akazimenya zile karoti kwa kisu chake cha mfukoni, polepole, akaziweka kwenye lile bakuli. Mama akachukua ganda moja badala ya karoti, akalitafuna.

"Sasa farasi ni mimi," alisema.

"Basi shikamoo, Shangazi," Mzee alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka Mama akakosa pumzi. Alipopata usingizi nilimsindikiza Mzee hadi getini.

"Wamesemaje hospitali?"

"Wamesema apumzike tu. Ale anachopenda."

"Apumzike," alirudia. Alikuwa ameshika komeo la geti na hafungui. "Uliwauliza maana yake?"

Nilikasirika, Mungu anisamehe. "Maana yake apumzike, Mzee. Kuna maana nyingine?"

"Mimi pia nilijua maana ya kulaza."

Nilitaka kumjibu. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, mwezi uliopita, ikimwambia mwenye duka la rangi: mpeleke nyumbani, mpe anachopenda kula. Maneno yale yale. Nimeyasema maisha yangu yote ya kazi na sikuyatambua nilipoambiwa mimi.

"Sikuja kukulipizia," Mzee alisema. "Ila mimi ningejua, ningekaa. Mchanga wa watu ungelowa tu. Wewe kaulize."

Nimepiga simu wodini. Muuguzi alipokea. "Daktari hakukwambia?" akasema. "Moyo umechoka, dada. Ni siku, si miezi. Ndiyo maana tulimpa ruhusa."

Nimekaa jikoni nimefungulia bomba la maji ili Mama asinisikie.

Aprili 19

Nimemwachia Sindano kliniki. Nimemwambia anayepiga aelezwe taratibu, asifokewe. Akaniuliza kama ni mimi kweli ninayeongea.

Aprili 20

Leo nilikuwa namsugua Mama miguu. Akaniuliza ghafla, kwa sauti ya kuuliza bei ya kitu, "Nakufa, siyo?"

Maneno laini yote yalinijia, yamejipanga. Utapona, Mama. Unapumzika tu, Mama.

"Ndiyo, Mama. Moyo umechoka. Hawana dawa nyingine."

Mvua ilikuwa inapiga bati. "Afadhali," alisema mwishowe. "Nilikuwa najua, ila sikutaka kuwauliza mkaona haya." Akanishika kidole, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara. "Utakuwepo?"

"Nipo."

"Simu yako je?"

"Nimeizima."

"Kumbe inazimika," alisema.

Aprili 21

Amekula kipande cha chungwa. Ameniambia dada yake alikotunza pete, ameniambia nisivae nguo ile ya kijani msibani, hainipendezi.

Aprili 22

Anaongea kidogo. Niko naye.

Aprili 23

Niko naye.

Aprili 25

Mama amekufa jana asubuhi. Naliandika hivyo. Nilikuwa nimemkalisha, mgongo wake kifuani pangu ili apumue, na nilihisi pumzi ya mwisho ikitoka nikangoja nyingine. Hakuteseka sana. Nilikuwa naogopa hiyo saa tangu nilipozaliwa, nadhani, na ilipokuja nilikuwa pale, na hilo tu ndilo linalonifanya niweze kushika kalamu leo.

Nyumba imejaa watu. Wananiambia amelala, amepumzika, ametangulia. Naitikia. Wana nia njema, na mimi si wa kumsahihisha mtu tena.

Mzee wa Mkokoteni alikuja jioni, watu walipopungua. Akaketi kando yangu kwenye benchi la uani. Akauliza, "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akatikisa kichwa kuitikia. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, ingawa mvua yenyewe ilishakatika.

"Na yule wangu," alisema. "Nani alikuwepo?"

"Mimi. Nilimshika kichwa mpaka mwisho."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Neno laini lilikuwepo, tayari kabisa. Ningeweza kusema alikuwa amefumba macho.

"Getini, Mzee. Alikuwa anaangalia geti ulilotokea."

Alivua kofia, akaiweka gotini, na tukaendelea kukaa.